Kanisa Lenye Kibali cha Baa

Nchi yetu haina shida kubwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nina malalamiko. Tuna bendera, tuna barabara moja nzuri ya lami inayotoka uwanja wa ndege hadi Ikulu, na tuna Wizara ya Utulivu na Starehe, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba wananchi wanatulia wakati wote na wanastarehe kwa kibali.

Mwaka ninaousimulia, Wizara iliagiza utafiti wa kujua kwa nini watu hawaendi tena kwenye kumbi za starehe zilizosajiliwa. Wataalamu walizunguka nchi kwa magari mapya, wakala kuku wa mikoa yote, kisha wakarudi na jibu la kusikitisha. Wananchi walikuwa bado wanafurahi kama zamani, ila walikuwa wanafurahia mahali pengine. Walikuwa wanafurahia makanisani na kwenye maulidi. Kuna sehemu wataalamu walikuta watu wazima wanaruka, jasho linawatoka, na mlangoni hakuna kiingilio.

Waziri alilieleza Bunge jambo hilo kwa uchungu.

“Mheshimiwa Spika,” alisema, “Serikali haina ugomvi na Mungu. Tunamheshimu, na siku zake za mapumziko tumempa. Lakini anayepiga makofi ameburudika, na aliyeburudika bila kibali ameiba burudani ya taifa.”

Wabunge wakapiga meza kwa muda mrefu. Kupiga meza hakukuhesabiwa kuwa burudani, kwa sababu wao wanalipwa kwa kazi hiyo.

Basi ikatoka Sera. Nyumba yoyote ya ibada yenye ngoma, kinanda, dufu, vigelegele au makofi itatakiwa kuwa na kibali cha burudani. Ile itakayothibitisha kwamba waumini wake hawaburudiki itasamehewa. Kwetu Kiringo, Maalim wa chuo cha Kurani aliposikia tangazo aliyafungia madufu yake stoo, akasema atasubiri, kwa kuwa amekwisha kusubiri serikali nyingine kabla ya hii.

Mchungaji Ambilike hakuwa na stoo.

*

Kiringo ni mji mdogo wa baridi, wenye soko, zahanati na mtaa mmoja mrefu unaopanda mlima. Katikati ya mtaa huo lilikuwepo kanisa la matofali ya kuchoma lililojengwa kwa michango midogo midogo, hivyo bati zake hazikulingana rangi. Ubavuni mwa kanisa, ikichangia nalo ukuta mmoja, ilikuwepo baa iliyoitwa Pumzika Kidogo, mali ya Bi Sikitu, mjane mnene mwenye sauti ya taratibu. Ndugu wawili ndio waliogawana kiwanja cha baba yao, kila mmoja akauza sehemu yake kwa mteja wake, bila kuulizana.

Mchungaji na Bi Sikitu walikuwa na ugomvi wa heshima uliodumu miaka. Jumamosi muziki wa baa ulimharibia mchungaji maandalizi ya mahubiri. Jumapili asubuhi kwaya ya mchungaji iliwapasua vichwa wateja wa baa waliolala uani na pombe ya jana. Kila mmoja alimlalamikia mwenzake kupitia ukutani, kwa lugha nzuri, kisha mambo yakaendelea kama kawaida.

Mchungaji Ambilike alikuwa mtu mrefu, mwenye goti bovu na uchovu wa kudumu usoni, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Aliposomewa Sera, aliona njia nyepesi ni ile ya msamaha. Jumapili iliyofuata aliwaomba waumini wake waimbe bila kufurahi. Aliwaelekeza waimbe kama watu wanaosoma tangazo la kukatika kwa maji, na wakati wa makofi waitie mikono mifukoni. Wasio na mifuko washike biblia zao kwa mikono miwili.

Mkaguzi alifika mapema akakaa benchi la mbele. Huyu alikuwa Bwana Sangija, Afisa Burudani wa Wilaya, ambaye hadi mwezi uliotangulia alikuwa Afisa Mifugo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki anayevaa viatu vinavyombana, na alikuwa bado na mazoea ya kazi yake ya zamani, maana alimtazama kila muumini aliyeingia kama anayetaka kumkagua meno.

Ibada ilianza vizuri. Kwaya iliimba kama kuta. Mchungaji alihubiri kutoka ile sura ya fulani akamzaa fulani, naye fulani akamzaa fulani, na hata yeye mwenyewe alipiga mwayo. Bwana Sangija alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Tatizo likawa Bibi Tusajigwe. Alikuwa ndiye mkongwe wa kwaya, mwanamke mdogo kama kuku wa kienyeji, na masikio yake yalikuwa yamemwacha siku nyingi. Hakulisikia ombi la mchungaji. Ilipofika zamu ya wimbo wa kuvuka mto, alisimama akaimba kama alivyouimba siku zote, kichwa nyuma, macho yamefumbwa, na sauti yake ikatoka na kwenda kugonga bati. Wenzake walijikaza. Kisha sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, ikaingia, kwa sababu wanaume wale walishindwa kumwacha bibi kizee peke yake katikati ya mto. Ya tatu ikafuata. Mikono ikatoka mifukoni.

Bwana Sangija aliutazama mguu wake wa kulia ukipiga sakafu. Aliutazama kwa huzuni, kama mtu anayemwona mwanawe akiiba.

Baada ya ibada alimfuata mchungaji akamwambia kwa unyenyekevu kwamba asingeweza kuidanganya Serikali. Watu walikuwa wameburudika, na shahidi wa kwanza ni yeye mwenyewe.

*

Mchungaji alikwenda wilayani kuomba kibali. Alisimama kwenye foleni na goti lake mpaka akafika dirishani, ambako dada mmoja mpole alimweleza hali ilivyo. Vibali vya nyumba za ibada vilikuwa bado havijatoka, kwa sababu kanuni zake zilikuwa bado kwa mpiga chapa. Vilivyokuwepo ni vya disko, vya baa na vya sarakasi.

Mchungaji aliuliza afanye nini kwa sasa. Dada alimweleza kwamba kwa sasa ni kosa kuimba bila kibali, na ni kosa pia kuchelewa kuomba kibali ambacho hakijatoka. Akafikiri kidogo kwa niaba yake. Sarakasi ilihitaji angalau mnyama mmoja aliyefundishwa. Disko ilihitaji taa za kuzunguka.

“Chukua cha baa, baba mchungaji,” alimwambia kwa huruma. “Ni jina tu. Huko mbele mtarekebisha.”

Katika nchi yetu, huko mbele ni mahali palipohifadhiwa mambo mengi sana.

Mchungaji alisimama pale akiwafikiria watu wake. Walikuwa wachuuzi wa viazi, wapasua mbao, wanawake wanaoamka alfajiri na kulala wa mwisho. Hawakuwa na kitu kingine cha juma zima zaidi ya zile saa za Jumapili. Kama angerudi mikono mitupu, kanisa lingefungwa. Akachukua kibali cha baa, akatia saini, na njiani kurudi hakumsalimia mtu.

Kibali kilikuja na masharti yake. Baa haifunguliwi kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo ibada ya asubuhi ikafa. Baa lazima iwe na kaunta, kwa hiyo seremala mmoja muumini alipigilia mbao mbele ya madhabahu, wakazipaka rangi ya kahawia na kupanga juu yake chupa za maji. Baa lazima iwe na bango la kuwakumbusha wateja kunywa kistaarabu, na mahali pekee palipokuwa na msumari ni chini ya msalaba. Yote hayo watu waliyameza. Sharti lililowakwama kooni ni la mwisho: mtu wa chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi kuingia ndani. Tangu siku hiyo watoto wa kanisa walisimama nje, wameweka videvu madirishani, wakiwatazama wazazi wao wakisali kwenye baa.

*

Kumbe lilikuwepo pia sharti ambalo mchungaji hakulijua. Baa mbili haziruhusiwi kuchangia ukuta. Bi Sikitu alipokwenda kuhuisha kibali chake, aliambiwa kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za wilaya ukuta wake tayari una baa.

Jioni hiyo alimwita mchungaji uani. Mchungaji alitoka akijua anakwenda kutukanwa, na aliona anastahili.

“Baba Mchungaji,” alianza Bi Sikitu, “nasikia siku hizi wewe ndiye mwenye baa.”

“Ndivyo wilaya wanavyosema, mama.”

“Na mimi wamenishauri niwe nyumba ya ibada. Ile isiyo na burudani. Wanasema haina malipo.”

Mchungaji alimwomba radhi. Alimweleza juu ya dirisha, yule dada, na kile kibali cha sarakasi. Bi Sikitu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kidogo, naye mchungaji akacheka. Hawakucheka sana. Wote wawili walikuwa wamesimama tangu asubuhi.

Hivyo Pumzika Kidogo ikawa nyumba ya ibada. Redio ilizimwa. Wateja walitakiwa kufungua kwa neno la sala na kunywa kimya, na Bwana Sangija alipita mara kwa mara kuhakikisha hakuna anayeburudika. Hakukuwa na haja ya kuhakikisha. Watu waliokunywa kimya walianza kuyafikiria maisha yao, na wengi waliacha glasi nusu wakaenda nyumbani. Mpasua mbao mmoja aliyezoea kutukana alilazimika kutukana kwa kunong'ona, na matusi yakinong'onwa yanafanana sana na toba. Wake zao waliishukuru Serikali. Bi Sikitu hakuishukuru, lakini kwa kuwa nyumba ya ibada haikatazwi watoto, aliwaambia kina mama wa kanisa wawalete asubuhi za Jumapili, wafundishiwe biblia zao kwenye viti vyake.

Taarifa ya wilaya ya msimu huo ilisema kwamba Kiringo imepata baa yenye nidhamu kuliko zote nchini.

*

Msimu wa mvua ulipoanza, Atupele, mjukuu wa Bibi Tusajigwe, alijifungua mtoto wa kike. Wakati huohuo Bibi aliugua kifua. Wa zahanati walimpa dawa na kuwaambia ndugu wampe chochote anachotaka. Alichotaka ni kumwona kitukuu wake akibatizwa.

Mchungaji alimwendea Bwana Sangija ofisini, akamweleza kuwa ni mtoto mmoja tu, tena atabebwa, hatakanyaga sakafu ya baa. Bwana Sangija alisikitika kwa dhati. Alivua miwani, akaifuta, akasema hapingi mtoto kubatizwa. Anaweza kubatizwa mara tu atakapotimiza miaka kumi na minane.

Bibi Tusajigwe alipopigiwa kelele jibu hilo sikioni, alisema atajitahidi, lakini hakuahidi.

Mchungaji alirudi kanisani akakaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Mbele yake ilikuwa kaunta. Juu ya kaunta msalaba, na chini ya msalaba maneno ya kunywa kistaarabu. Aliniambia baadaye kwamba hakuomba. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kuanza. Alikaa tu mpaka akamsikia Bi Sikitu akifagia upande wa pili wa ukuta, akainuka akamfuata.

“Mama, nimekuja kuazima kanisa lako.”

Bi Sikitu aliegemea fagio. “Kanisa langu linanuka bia, Baba Mchungaji.”

“Langu linanuka rangi ya kaunta. Afadhali bia.”

“Na kuimba je? Mimi sina kibali cha kuimba.”

“Hatutaimba,” alisema mchungaji. “Tutambatiza kimya, tutaondoka.”

*

Jumapili hiyo asubuhi tulijaa Pumzika Kidogo hadi mlangoni. Bi Sikitu alikuwa amesugua beseni la kuoshea glasi mpaka likang'aa, akalifunika kwa kitambaa cheupe. Kwaya ilisimama karibu na kreti za soda. Nyuma kabisa walikuwepo wateja wake wachache wa asubuhi, kofia mkononi, pamoja na yule mpasua mbao. Bibi Tusajigwe aliletwa amekaa kitini, kitenge mabegani, vijana wawili wamembeba.

Mchungaji alisoma maneno yake kwa sauti ya chini. Alipofika mahali ambapo kanisa huimba kumpokea mtoto, alinyamaza, akasubiri kidogo, akafungua ukurasa unaofuata. Palikuwa kimya kama ofisini.

Bibi hakusikia vizuri, lakini kimya kile alikiona. Alitutazama midomo mmoja baada ya mwingine.

“Mbona hamuimbi?” aliuliza.

Atupele aliinama akamwambia sikioni kwamba imekatazwa.

“Imekatazwa na nani?”

“Na Serikali, bibi.”

Alilifikiria hilo. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwa shida.

“Mtoto wetu hataingizwa kwa Mungu kama mzigo wa magendo,” alisema.

Akaimba. Haikuwa ile sauti ya kugonga bati. Ilikuwa imebaki kama uzi, na katika kila mstari ilikatika akaiunga. Kwa ubeti mzima aliimba peke yake, nasi tukatazama sakafu, na naona aibu ya sakafu ile mpaka leo. Kisha Bi Sikitu, ambaye hakuwa mwanakwaya wala mshirika, aliitikia kiitikio. Mpasua mbao akaingia na sauti ya nne. Baada ya hapo sikumbuki nani alifuata. Watu walikuwa wameikalia pumzi ile kwa miezi, na ilipotoka ilitoka yote, na makofi, na vigelegele, na miguu, hata chupa kwenye rafu zikawa zinagongana.

Bwana Sangija alikuwa akipita barabarani. Asingeweza kutosikia. Alipoingia, nyimbo zilizimika mlangoni na kuendelea kuzimika hadi mbele, na mwisho ikabaki sauti ya Bibi tu, ambaye alikuwa amefumba macho.

Alipoyafumbua, alimwona mtu wa viatu vya kubana amesimama mbele yake, kalamu mkononi.

“Mwanangu,” alimwambia, “wakati wa wakoloni niliimba, wakanicharaza. Siku ya uhuru niliimba, wakanipa khanga. Sijui nyie mnataka nini. Kaa kwanza mtoto abatizwe, halafu utatufunga.”

Bwana Sangija alitafuta mahali pa kukaa. Mtu alimsogezea kreti. Akakaa. Mchungaji alichota maji kwenye beseni la glasi, akambatiza mtoto jina la Subilaga, na mtoto akalia kama wanavyolia wote.

Kisha Bwana Sangija aliinuka akafanya kazi yake. Alifunga Pumzika Kidogo kwa kosa la kuburudisha ndani ya nyumba ya ibada, na akafunga kanisa kwa kosa la baa kushawishi jirani. Alitia nta ya muhuri kwenye milango yote miwili. Nta ya kwanza ilianguka, akaomba kiberiti tena. Mchungaji ndiye aliyemwashia.

*

Bibi Tusajigwe alifariki kabla ya mahindi kuota. Makaburi hayakutajwa kwenye Sera, mtu alisahau, basi tulimwimbia huko tangu asubuhi hadi jua likapinda, na watu wa dini zote walikuja, maana palikuwa mahali pekee pa kuimba wilaya nzima. Maalim naye alikuja, akasimama kando, akatikisa kichwa kwa mapigo.

Kwa muda mrefu baada ya hapo mchungaji alisalisha nyumba kwa nyumba, watu wachache wachache, kwa minong'ono. Bi Sikitu aliuza maandazi barazani mwa baa yake iliyofungwa. Nywele za mchungaji ziligeuka nyeupe zote.

Mwishowe yule waziri alihamishiwa Uvuvi, na waziri mpya akalihutubia taifa. Alisema nyumba za ibada hazihitaji kibali chochote, na hazikuwahi kuhitaji. Lilikuwa suala la tafsiri. Aliwapongeza wananchi kwa uvumilivu wao. Wizara ikatoa taarifa kwamba Sera imeondolewa bila kuacha madhara yoyote.

Bwana Sangija alikuja kubandua nta siku ya Ijumaa. Alimshika mchungaji mkono, kisha akaenda zake. Kaunta ilivunjwa, mbao zake zikawa kuni. Bango lilishushwa. Bi Sikitu alipata baa yake, akawasha redio, na mchungaji aliposikia kelele zile akiandaa mahubiri alikaa nazo usiku huo bila kugonga ukuta.

Jumapili tuliingia asubuhi, watoto wakiwa mbele. Atupele alisimama mahali pa bibi yake. Kwaya iliimba, na iliimba vizuri. Wimbo ulipofika pale pa makofi, tuliinua mikono sote pamoja, na sote pamoja tukageuka kutazama mlangoni.

Hapakuwa na mtu. Tukapiga.

Imepita miaka sasa, na hakuna anayetukataza. Lakini bado tunageuka. Siku hizi hata watoto waliozaliwa baadaye hugeuka nasi, wakidhani ni sehemu ya wimbo.